Mpangaji Aliyelima Kodi

Mama yangu ana nyumba Chanji, na uani ana vyumba vya kupangisha. Tangu baba afariki tumekula na kusoma kwa vyumba hivyo, kwa hiyo mpangaji akichelewesha kodi mimi damu huanza kuchemka. Mwaka ule aliyechelewesha alikuwa kijana kutoka Kipili, kule ziwani, muuza samaki, mwenye mke na mtoto mchanga. Mwanzoni aliomba subira. Akaomba tena. Kisha akaacha hata kuomba, akawa anatoka alfajiri kwa mlango wa uani na kurudi sote tumeshajifungia ndani.

"Nimwite mwenyekiti wa mtaa," nikamwambia mama. "Huyu kijana atoe vitu vyake leo leo."

"Na hiyo mvua, na mtoto mgongoni?" Alikuwa anachambua maharage, hakuinua hata macho. "Anayejificha bado ana aibu, na mwenye aibu hulipa. Uje uniambie siku akinipita hapa anapiga mluzi."

Nilisusa hata chakula cha jioni. Hakunibembeleza.

Kesho yake mama alimuwahi. Kijana alipofungua mlango alimkuta mwenye nyumba ameketi juu ya kigoda, majembe mawili yamelala miguuni pake.

"Shikamoo mama," akasema, mkono bado uko kwenye kitasa.

"Marahaba. Pesa unayo?"

"Sina, mama."

"Mikono je?"

Ilikuwa katikati ya msimu wa mvua, majani shambani yamefika kiunoni, na sisi Wafipa wakati huo tunatengeneza ntumba, vile vilima vya duara ambavyo ndani yake tunazika majani yaoze yawe mbolea. Mtu wa ziwani atayajulia wapi hayo? Tulipofika shambani, mpangaji wetu alikusanya udongo ukawa kilima kizuri, halafu akakata majani akayapanga juu yake kwa ustadi mkubwa, kama anaezeka nyumba. Akarudi nyuma hatua chache kuitazama kazi yake. Wanawake wa shamba la jirani walicheka mpaka wakakaa chini, na mimi sauti yangu ilizidi zao.

Mama hakucheka. Alipiga magoti kwenye tope, akakibomoa kile kilima. "Majani yanalala chini, mwanangu. Udongo ndio unaofunika." Wakajenga kingine pamoja, mikono yao minne ndani ya kilima kimoja.

Jua lilipokuwa kali wakakaa kunywa uji wa ulezi, na hapo kijana akasema bila kuulizwa. Gari lililobeba samaki wake, migebuka ya ziwani, lilikwama kwenye tope njiani kutoka Kipili, barafu ikayeyuka, na mtaji wote ukaoza. Alishindwa kumweleza mama kwa sababu kila mpangaji mwenye deni ana hadithi ya gari.

"Ni kweli, wote wanayo," mama akasema. "Sasa sikiliza. Ukimaliza shamba hili, miezi ninayokudai imekwisha. Baada ya hapo unalipa pesa kama wenzako. Ukishindwa, unahama."

Njiani kurudi nilimnong'oneza mama, "Akitoroka katikati je?"

"Nitakuwa na nusu shamba. Wewe ungekuwa na chumba kitupu."

Nilimtazama akitembea mbele yangu na jembe begani, nikajisikia fahari kuwa nimezaliwa na mtu huyu.

Kijana alilima. Viganja vilitoka malengelenge, vikapasuka, vikakomaa. Asubuhi alikuwa shambani, mchana anawashushia wafanyabiashara wa mtaa wa Majengo mizigo yao ili apate mtaji mdogo wa dagaa. Hata wale wanawake waliomcheka walianza kumsifu kwamba mistari ya ntumba zake imenyooka kuliko ya watoto wao, na walinitazama mimi walipolisema hilo.

Mwezi uliofuata alikuja kwa mlango wa mbele, jioni, taa zikiwa zinawaka. Alimpa mama kodi kwa mikono miwili. Nilidhani mama atasema asante, au amrudishie kidogo anunue maziwa ya mtoto. Aliihesabu mbele yake, noti baada ya noti, akainua macho.

"Imepungua elfu moja, baba."

Kijana akacheka, akaingiza mkono mfukoni, akaitoa. Kisha akavuta kiti akakaa, akaanza kumlalamikia mama kwamba bati la chumba chake linavuja.