Baba aliuliza nani kaota, nikajibu sijaota

Hili ninaloandika sijamwambia mtu yeyote, hata mchungaji aliyekuja kutuombea. Admin, nashukuru kwa kunifichia jina. Mimi ni binti wa miaka kumi na nane, nimemaliza kidato cha nne mwaka jana, naishi na mama huku machimboni Geita. Ni mtu wa aibu, nikiongea mbele ya watu sauti inakatika. Ndiyo maana naandika.

Baba yangu alikuwa mchimbaji mdogo. Nyumbani kwetu kulikuwa na utaratibu mmoja. Kila asubuhi tukinywa uji, kabla hajavaa gambuti, baba aliuliza, "Nani kaota?" Mtu akisema ameota maji, au harusi, au ng'ombe weusi, siku hiyo baba hashuki kwenye duara, yaani shimo la dhahabu. Wenzake walishamzoea. Walikuwa wanapita mlangoni wakitania, "Mzee, leo humo ndani wameota nini, tushuke au tukalale?" Baba alikuwa anacheka, lakini hashuki.

Aliniahidi nikimaliza shule tutaenda Zanzibar siku nne, sisi watatu. Hakuna aliyewahi kuona bahari kwetu, ziwa tu. Basi jioni tukawa tunapanga vitu vya kufanya tukifika, mimi naandika nyuma ya daftari la Fizikia. Baba alitaka kwanza kuonja maji ya bahari, maana hakuamini kama yote yale yana chumvi. Mimi nikaandika kuwaona kobe wakubwa wanaosemwa wako huko, kunusa karafuu zikiwa bado mtini, na kula pweza.

Baba akashtuka. "Pweza? Yule mwenye mikono minane? Mimi nitakula miwili, mayu, mingine utamalizia wewe." Aliniita mayu, mama, kama Wasukuma wanavyowaita binti zao.

Mama akasema, "Na mimi niandikie. Kulala mpaka saa nne bila mtu kuniamsha."

"Hiyo si ungefanyia hapa hapa?" baba akamwambia.

"Hapa na wewe na maswali yako ya ndoto?" Tulicheka sana.

Cha mwisho niliandika kuogelea, baba akinishika mkono kwa sababu sijui. Kila jioni tuliongeza kitu, tukafuta, tukabishana. Nilikuwa nalala nikiwaza bahari tu.

Usiku mmoja nikaota tumefika. Baba anaingia kwenye maji, yanamfika kifuani, yanamfika shingoni, anacheka na kuniita, "Njoo, mayu, kweli yana chumvi!" Maji yakamfunika, lakini bado nasikia anaongea. Niliamka na furaha. Naapa, niliamka na furaha.

Asubuhi baba akauliza kama kawaida. Mama akasema, "Mimi nimelala kama gogo." Baba akanigeukia. Nikajiambia, hii ni ndoto ya safari, siyo ya duara, nimeota bahari kwa sababu ndiyo tunayoipanga kila siku. Tena wiki hiyo baba alishakaa nyumbani siku mbili kwa sababu ya ndoto ya mama, na walikuwa wamekaribia mwamba wenye dhahabu. Mwamba ukitoka, tunasafiri. Nikasema, "Sijaota, baba."

Akavaa gambuti akaondoka.

Mchana ule maji yaliyojaa kwenye duara la zamani la jirani yalitoboa ukuta yakaingia kwenye la kina baba. Wenzake wawili waliokuwa juu kidogo walipanda wakatoka. Baba alikuwa chini kabisa.

Najua wapo mtakaosema ndoto ni ndoto tu, yale ni maji ya mvua. Hata mimi shuleni nimefundishwa hivyo. Lakini ningesema, baba angebaki nyumbani. Hapo huhitaji kuamini chochote. Sasa hivi naogopa kulala, na asubuhi sufuria ya uji ikiwekwa chini namsikia akiuliza. Mama hasikii. Namwangalia usoni kila siku nione kama anasikia, na hasikii.

Kinachonimaliza ni kwamba lawama imemwangukia yeye. Mama aliposimulia msibani asubuhi ile ilivyokuwa, shangazi yangu mkubwa alisema, watu wote wakisikia, "Mke wa mchimbaji anaota mwaka mzima, siku hiyo moja tu ndiyo analala kama gogo? Uliota, ukameza." Mama alilia akaapa. Tangu siku hiyo ndugu wa baba hawapokei chakula kutoka mkononi mwake. Jumamosi hii ukoo unakaa, na wameshasema akishindwa kujieleza atarudishwa kwao Mhunze, aiache nyumba aliyoijenga na baba.

Juzi mama aliniita uani, akanishika mikono yote miwili. Akasema, "Mwanangu, wewe ndiye shahidi wangu. Ulikuwepo. Jumamosi simama uwaambie humu ndani hakuna aliyeota." Nikaitikia kwa kichwa.

Nikisema hivyo nitakuwa nimedanganya mara ya pili kwa swali lile lile, na sidhani kama watamwamini. Nikisema ukweli mama atabaki na nyumba yake, lakini atajua mtoto wake ndiye aliyenyamaza. Shangazi nitamvumilia. Macho ya mama sijui kama nitayaweza.

Kaka zangu, dada zangu, mama zangu mnaosoma hapa, ningekuwa binti yenu mngetaka niseme nini Jumamosi? Naomba jambo moja tu. Wapo wa huku ambao mtanijua kwa haya niliyoeleza, na jirani anayemwazima mama simu anausoma ukurasa huu kila siku. Msitaje jina langu kwenye maoni, wala msimpelekee mama. Nitunzieni siri hii hadi Jumamosi. Kama ni kujua, nataka ajue kwa mdomo wangu.