Behewa la Makumbusho Lilitembea na Mwanangu Ndani

Behewa lililosimama miaka thelathini lilitembea lenyewe saa nne asubuhi, binti yangu akiwa ndani.

Halikusukumwa. Halikuvutwa. Lilitembea tu.

Naandika hasira bado iko kooni, mnivumilie. Mzazi mwenye mtoto wa shule asome mpaka mwisho.

Stesheni yetu ya zamani treni ziliacha kupita nikiwa msichana. Majani yakaota katikati ya reli, watu wakaanika nguo pale. Mwaka huu wakaifufua iwe makumbusho. Saa kubwa ikarudi ukutani, dirisha la tiketi likasuguliwa mpaka likang'aa. Nje wakaacha behewa moja la mbao, rangi mpya, magurudumu yamepakwa grisi.

Marehemu baba yangu alifanya kazi pale ujana wake wote, kufunga na kufungua mabehewa. Kwa hiyo Jumapili ya uzinduzi nilivaa nguo yangu ya kutokea, nikaenda. Mbele ya picha za wafanyakazi wa zamani nililia kama mtoto.

Nikarudi na kumbukumbu yake. Kipande kizito cha mti alichokichonga mwenyewe, chenye alama zake tatu za panga. Nikakiweka jikoni, kizuie mlango usijibamize.

Alhamisi darasa la binti yangu likapelekwa kutembelea. Nyumbani na hata shuleni anaitwa Kijiko, maana alipokuwa anaanza kutambaa hakuachia kijiko mkononi.

Saa tano simu ikaita. Mwalimu wake.

"Mama Kijiko, usishtuke."

Mtu akikwambia usishtuke, umeshashtuka.

Nilimkuta hospitali, mkono umevunjika, paji la uso limeshonwa. Watoto kumi na watano walikuwa behewani wanaruka-ruka, wanajifanya abiria. Likaanza kusogea taratibu. Wakashangilia, wakadhani ndiyo mchezo wenyewe. Likakolea mwendo kwenye mteremko mpaka likagonga tuta la zege mwisho wa reli.

"Mama, mwalimu alikuwa anatukimbilia," Kijiko akaniambia. "Sisi tukawa tunampungia."

Maneno hayo yalinichana. Nikamwacha na dada yangu, nikaenda makumbusho kama moto wa nyika.

Ofisini nilimkuta meneja, mwanamke wa makamo, na fundi wao tunayemwita Babu Grisi. Huyo alifanya kazi na baba yangu.

"Mama, tulia kwanza," meneja akasema. "Tunalichunguza."

"Nitulie vipi? Mkono wa mtoto ni mpini wa jembe, kwamba tutachonga mwingine?"

Nikamgeukia mzee. "Na wewe. Umekula na baba yangu sufuria moja. Mjukuu wake ndiyo unamtia kwenye behewa bovu?"

"Mwanangu, mimi..."

"Usiniite mwanangu."

Meneja akasukuma karatasi mezani. "Tumeshamwandikia barua ya kumsimamisha."

"Kumsimamisha hakutoshi. Afukuzwe. Niandikeni na mimi shahidi."

Babu Grisi alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. "Breki ya mkono iliibwa zamani na watu wa chuma chakavu," akasema. "Behewa lilishikwa na kabari tu, ile ya kuzuia gurudumu. Jumamosi nilipopaka grisi niliiona kwa macho yangu. Baada ya ajali naangalia, haipo."

"Na Alhamisi, kabla watoto hawajapanda?"

"Alhamisi sikuinama. Mgongo."

"Mgongo!" nikasema. "Meneja, umesikia mwenyewe."

Meneja akachukua kalamu. "Hiyo kabari ikoje, tuitafute?"

"Ya mti mgumu. Ubavuni ina alama tatu za panga." Akaninyooshea kofia. "Baba yake huyu ndiye aliichonga. Akaiweka pale siku ya treni ya mwisho."

Machozi yakanitoka.

Wakadhani namlilia baba. Meneja akanipa kitambaa. Nilikipokea, nikajifuta, nikatoka bila kusema kitu. Ndiyo, nilitoka.

Nyumbani mlango wa jikoni ulikuwa wazi, umetulia, kabari chini yake.

Wafanyakazi wa mabehewa walikuwa na sheria moja kali. Kabari anaitoa mtu yule yule aliyeiweka, mwingine asiiguse hata awe bosi. Baba aliwahi kutoka kitandani na homa kwenda kutoa ya kwake. Sheria hiyo niliijua kabla sijajua kusoma.

Lakini Jumapili ile niliinama, nikaona alama zake. Nikajiambia, aliyeiweka hayupo, mimi ni damu yake, basi ni yangu. Nikalisukuma behewa, halikutikisika. Nikajua ni mzoga. Nikaipiga kabari kisigino mara mbili, ikachomoka, nikaitia mkobani chini ya mtandio.

Grisi ilikuwa bado haijaingia vizuri. Kufikia Alhamisi ilikuwa imeshaingia magurudumuni, na watoto walikuwa wanaruka-ruka ndani.

Nilikaa jikoni nikiitazama. Ningeweza kuichoma, nani angejua? Mzee angefukuzwa, nami ningeendelea kuonewa huruma. Nikaiokota. Mlango ukajibamiza nyuma yangu.

Nilimkuta Babu Grisi bado yuko ofisini anasubiri barua yake ipigwe muhuri. Nikaiweka kabari juu ya ile barua.

"Jina lililoandikwa hapa silo," nikamwambia meneja. "Andika langu."

Babu Grisi alichukua kabari, akatoka nje. Akainama na mgongo wake huo huo, akaisukuma chini ya gurudumu, akaigonga kwa nyundo.

"Sasa nimeiweka mimi," akasema bila kunitazama. "Usiiguse."

Hasira haijaisha. Nina hasira na makumbusho yaliyopandisha watoto kumi na watano juu ya kipande kimoja cha mti. Nina hasira na mgongo wa yule mzee. Kubwa kuliko zote ni ile ninayolala nayo.

Kijiko nilimwambia yote. Siku mbili hakusema na mimi. Ya tatu akaniuliza, "Kwa nini hukuuliza kwanza?"

Nendeni kwenye stesheni za zamani, wapelekeni watoto wajue babu zao walifanya nini. Ila mtoto wako kabla hajapanda, inama wewe uangalie gurudumu. Na mkoba wako urudi na vitu vile vile ulivyokwenda navyo. Kitu unachokiona kimekufa pale, huenda ndicho kinachofanya kazi.

Mlango wangu wa jikoni unajibamiza tena. Acha ujibamize.