Jiografia Badala ya Fizikia

Mdogo wangu anaishi Uholanzi, mimi niko Burnsville, Minnesota, huku Amerika, na mtoto aliyetukosesha raha sote wawili ni binti yake. Mimi ndiye niliyemwita Daktari, akiwa bado anatambaa, kwa sababu kila mgeni aliyembeba alivutwa kope ili aangaliwe jicho. Jina likashika. Kwenye maombi yetu ya simu ya Jumapili, yanayokutanisha ukoo mzima kutoka Voi hadi Minnesota, mjomba wetu hakuwahi kumwita vingine. "Daktari yupo?" "Yupo!" "Haya, tufungulie kwa sala." Naye alisali mbio mbio ili arudi kucheza.

Na udaktari wenyewe aliutaka, si kwamba tulimbandika. Alipokuwa na miaka kumi na minne alikuwa ananipigia nikiwa kwenye mapumziko ya mchana kazini, kwao ni jioni, kuniuliza habari za vidonda vya kulalia. Mimi ni nesi kwenye nyumba ya wazee. Wanangu wenyewe wakinisikia nataja kidonda mezani wanahama na sahani zao. Huyu alikuwa anataka kujua kina, rangi, na tumekifunga na nini. Anaelewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza, isipokuwa hilo moja: "Mama mkubwa, leo umeona nini?"

Sasa, huko Uholanzi masomo yana utaratibu wake. Mtoto aliye kwenye shule ile ya kuelekea chuo kikuu husoma miaka sita. Mwisho wa mwaka wa tatu anachagua mkondo, na masomo ya mkondo huo ndiyo atakayofanyia mtihani wa mwisho. Ukishachagua, umechagua. Hapa Burnsville mwanangu alikuwa anabadilisha madarasa kama soksi, leo kaingia kwenye sanaa, kesho katoka, na shule inamwambia sawa tu.

Binti alichagua mkondo wa sayansi na afya. Biolojia, kemia, hesabu, safi kabisa. Fizikia ilikuwa pembeni, ya hiari, na alama zake za fizikia zilikuwa zinachechemea. Mwalimu akamwita mama mtu.

Kikao kile nilisimuliwa siku ileile, nimekaa kwenye gari langu nje ya kazini, hita inavuma, nakula wali wa jana. Mwalimu alikuwa mpole, mdogo wangu alisema, hata kahawa alimletea mwenyewe. Akamwambia: naona fizikia inamsumbua binti, tunaweza kuweka jiografia badala yake. Wewe mama unaonaje?

"Ukamwambiaje?"

"Ningemwambiaje? Nilimwambia, wewe ndiye mwalimu."

Nikasema vizuri. Ningekuwa mimi ningejibu hivyohivyo, neno kwa neno. Kwetu mwalimu akikwambia "unaonaje", anakuheshimu tu, na wewe unamrudishia heshima yake mnaagana. Mzazi wa kuanza "mimi naona hivi, mimi naona vile" mbele ya mwalimu alikuwa anaonekana mjuaji, na mtoto ndiye anayekuja kuteseka darasani. Udaktari mdogo wangu hakuutaja. Utamtangaziaje mtu baki kwamba mwanao atakuwa daktari, na alama zenyewe zinachechemea? Si majivuno hayo? Binti alikuwa amekaa pale pale, lakini wakubwa walikuwa wanaongea, akanyamaza kama tulivyomfunza. Tulimlea vizuri, jamani. Isitoshe kwetu Kenya mtu aliweza kuiacha fizikia na bado akasomea udaktari, mradi kemia na hesabu zimesimama. Hakuna aliyeshtuka.

Mwaka wa mwisho ndio simu ya binti ilikuja. Mchana, gari lilelile, theluji imefunika kioo cha mbele. Kiingereza chake kilikuwa cha haraka haraka nikajua kumeharibika. Alikuwa ametoka kutembelea chuo kikuu, akauliza habari za udaktari, wakamwambia bila fizikia haiwezekani. Alama zake nyingine hata hawakuzitazama.

"Si urudishe fizikia?"

Haiwezekani, akasema. Darasa limeshamwacha miaka miwili. Njia iliyobaki ni kuusoma mwenyewe mtihani wote wa fizikia, aufanye nje ya shule, na huku mitihani yake mingine inamsubiri. Kisha akasema kwa Kiswahili, sauti ya kitoto: "Mama mkubwa, fanya kitu."

Woi! Nifanye nini mimi? Najua kumgeuza mzee kitandani asiumie. Najua kumtuliza bibi anayemtafuta mumewe aliyekufa zamani. Lakini kutoka kwenye paking ya Burnsville, shule ya Uholanzi utaishika wapi? Nikasema lile tunalosema sisi wote wa huku: njoo Amerika. Mimi nilirudi chuo nina mvi, nikakaa na watoto wa watu, hakuna aliyeniuliza niliacha somo gani kidato cha tatu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na mama je?" Mama yake hana mtu mwingine kule. Nikamwambia tu amweleze mama yake, na akamweleza.

Mdogo wangu akafanya kama angefanya marehemu mama yetu. Alipika mahamri, akavaa nguo ya kanisani, akaenda shuleni kumwomba mwalimu. Kwetu mzazi akija mwenyewe, kavaa vizuri, kanyenyekea, mwalimu hupata pa kupitia. Mimi nilikuwa kazini natandika vitanda huku naomba, Mungu fungua, Mungu fungua.

Alinipigia akiwa kituo cha basi. Mahamri yalipokelewa, mwalimu akala moja palepale na kulisifu. Mwalimu alisikitika kweli, mdogo wangu alisema, macho yalimwiva. Lakini sheria si yake. Kisha akamwambia: "Mama, si nilikuuliza? Ungeniambia anataka udaktari, hiyo jiografia ningeikataa mimi mwenyewe."

Nilipandwa na hasira. Nilimkasirikia mwalimu, nikaikasirikia Uholanzi yote, hata ile kahawa. Halafu nikakosa wa kumshika. Hata mimi hapa ilinichukua miaka kujua kwamba bosi akiniuliza ninaonaje kuhusu shifti ya Jumamosi, naruhusiwa kusema hapana. Hilo sikuwahi kumwambia mdogo wangu, kwa sababu sikuwahi kuliona kuwa ni jambo la kuambiana.

Binti alijaribu ile fizikia peke yake, akaiacha kabla majira ya baridi hayajaisha. Mtihani wake wa shule alifaulu. Kule mtoto akifaulu wanatundika bendera nje ya nyumba na kuning'iniza begi lake la shule kwenye mlingoti, na picha ikatufikia, begi la buluu linapepea. Alama iliyozipita zote ilikuwa ya jiografia.

Jumapili ile mjomba akauliza kama kawaida, "Daktari yupo?" Nikasikia jogoo wa Voi anawika nyuma yake. Sisi dada wawili hatukuwa tumemwambia mtu. Ndipo binti akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili, "Yupo." Akafungua kwa sala. Safari hii hakukimbia.

Baada ya maombi mdogo wangu alinipigia peke yangu. Hakulia. Aliongea juu ya mvua, juu ya begi lililolowa, kisha akauliza:

"Dada, wewe umekaa na hawa watu muda mrefu. Siku ile mwalimu aliposema ninaonaje, lilikuwa swali kweli?"

Nikamwambia sijui. Ningemwambiaje?