Bundi Ukutani kwa Nkambo

Siki. Mkamwana wangu akifungua chupa ya siki kutengeneza pilipili ya kuweka, mimi hutoka nje. Yeye anadhani pilipili yake inaniwasha. Mwacheni adhani hivyo, ninyi nitawaambia.

Siki ya kwanza nilikutana nayo kwenye kantini ya reli, hapa Kamina, baba yangu akiosha masahani pale. Nilikuwa sijafika miaka mitano. Dada yangu Kabange aliangusha chupa, siki yote ikaishia kwenye gauni langu, na gauni la kwenda misa lilikuwa hilo moja tu. Jumapili tatu watu walikuwa wakisogea pembeni nikikaa kwenye benchi, na katekista akaniuliza kama nimekula saladi ya wazungu. Kabange alichapwa. Mimi nikacheka, nikachapwa kwa sababu ya kucheka. Hiyo haihusu bundi hata kidogo, lakini ndiyo iliyonifanya, miaka minne baadaye, nilipoingizwa kwenye chumba cha giza cha mjomba wangu Ilunga, niseme kwa sauti: "Yomba, weye pia ulimwaga siki?"

Alicheka mpaka akakalia ndoo. Ile dawa ya kusimamisha picha isizidi kuiva, ndani yake kuna siki.

Mjomba Ilunga, ndugu ya mama yangu, alikuwa mpiga foto karibu na stesheni. Mwembamba, kofia moja mwaka mzima, aparei ya kupigia foto shingoni, ndani ya mfuko wa ngozi. Sasa lazima niwaeleze jambo moja, kwa sababu wajukuu wangu leo wanapiga foto hata ya sahani ya bugali. Siku zile mtu hakupiga foto ya kitu kisicho chake. Mwanamume alikuja na baiskeli yake akasimama pembeni, mkono juu ya kiti. Mama alikuja na mashine yake ya kushona, kichwani mwa kijana. Mmoja alikuja akivuta mbuzi. Mwingine aliazima redio ya jirani, na foto ilipotoka jirani mwenyewe akaja studio kugombana: "Ilunga, unifutie ile foto! Ile redio iko yangu!" Foto ilikuwa karatasi ya kusema hiki ni changu, na huyu ni wangu. Hakuna aliyetufundisha. Tulijua tu.

Mimi nilikaa kijijini na Nkambo, mama ya mama yangu, upande wa barabara ya Kaniama. Shule niliiacha mwaka wa tatu, na nisiseme uongo, haikunililia na mimi sikuililia. Nkambo macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alinijua kwa mwendo, na nyama iliyoibiwa chunguni aliijua kwa harufu ya vidole vyangu. Shamba lake la muhogo liligusa dembo, lile bonde la majani marefu lenye maji chini.

Mwezi wa saba huku kwetu hauna mchezo. Mwaka ule baridi ilikuja na upepo, upepo mkavu unaopasua midomo, na kulipokucha majani ya dembo yalikuwa meupe kama vile mtu amepita akimwaga unga. Wazee walisema hawajaona vile. Watoto walikohoa. Mjukuu wa Mama Ngoie, jirani yetu, alikohoa siku sita, akafa.

Na siku zile zile bundi walianza kuonekana mchana.

Bundi wa usiku tunamsikia, tunajifunika. Lakini hawa walikuwa wakitoka kwenye majani ya dembo jua likiwa bado juu, wanazunguka shamba la Nkambo chini chini, wanarudi. Kwenye shamba la mtu mwingine hakuonekana hata mmoja. Hamhitaji niwaambie watu walisema nini. Visimani wanawake walinyamaza nikifika. Mama Ngoie hakuja tena kuomba moto asubuhi, na kwetu jirani asiyekuja kuomba kaa la moto amekwisha kusema kila kitu. Mwishowe kapita, mkuu wa kijiji, akatuma neno: mama huyu afunge vitu vyake, aende. Nkambo angeenda wapi? Watoto wake watatu aliwazika pale.

Mjomba akaja na baiskeli, akaenda moja kwa moja kwa kapita. Mimi nyuma yake.

"Kapita, ile ni ndeke tu. Inakulaka panya na mapanzi."

"Weye unajua namna gani? Ulikula nayo meza moja?"

Watu wakacheka. Mjomba naye akacheka kidogo.

"Nitakuonyesha kwa foto. Utaona na macho yako."

"Lete," kapita akasema. "Mwezi ukikufa na weye hauyaleta foto, mama yako anatoka."

Mwezi ulikuwa umebaki siku nane.

Aparei yake ilikuwa ya kutazama kutoka juu, unainamisha kichwa kama unayechungulia kisimani, na kwenye kioo chake kulia ni kushoto. Kwa mtu aliyekaa kwenye kiti hiyo si shida. Lakini kitu kinachoruka! Ndege akienda upande wa Kamina, kwenye kioo anaenda upande wa Kaniama. Mjomba alijifunza kwa kuku wa Nkambo. Alinituma niwafukuze, naye akizunguka zunguka uani, kichwa chini, akigonga mapaja kwenye kinu. Nkambo akiwa barazani aliuliza, "Ilunga, umelewa?"

Asubuhi mbili tulilala kwenye majani tukakosa. Ya kwanza ukungu ulifunika kila kitu. Ya pili vidole vyake vilikufa ganzi, hakuweza kuzungusha kile kifungo cha kusogeza filimu. Aliweka mikono kwapani, akaitoa, mimi nikawa navipulizia vidole, na ndege wakapita juu yetu wote wawili tukiwa kama watu wanaosali. Filimu ilikuwa moja, ya foto kumi na mbili.

Siku ya tatu vijana waliwasha moto dembo ili kuwinda simbiliki, wale panya wakubwa wa majani. Upepo uliuchukua. Moshi ukatujia ukiwa umelala chini, na baridi ikiwa mgongoni na joto usoni, sikujua nitetemeke au nitokwe jasho. Halafu majani mbele yetu yakainuka. Nasema yakainuka kwa sababu ndivyo nilivyoona: kipande cha majani makavu kilitoka ardhini kikafungua mabawa.

Njiwa akiruka unamsikia. Kuku akiruka kijiji kizima kinasikia. Huyu hakutoa hata sauti ya kitambaa. Akaja mwingine, na mwingine, mpaka wakawa saba, na moto unaunguruma, na wao kimya, kama wanaruka ndani ya siku nyingine iliyowekwa juu ya ile yetu. Upepo uliwapiga, wakaegemea juu yake kama mtu anavyoegemea ukuta. Mmoja alishuka mpaka nikahisi hewa ya bawa lake kwenye shavu. Uso wa duara, mweupe mweupe, macho meusi kama yaliyotiwa wanja, na akanitazama. Mimi, mtoto wa muosha masahani. Sikuogopa. Nilikuwa nimefundishwa kuogopa tangu tumboni na hofu haikuja; kilichokuja sikuwa na jina lake, nilipiga magoti tu. Panzi walikuwa wakikimbia moto. Bundi yule akanyoosha mguu, akamdaka mmoja hewani, akaupeleka mguu mdomoni akiwa bado anaruka, kama mama anayekula karanga njiani.

Mjomba alikuwa akizunguka, kichwa chini, akilia. Alisema ni moshi.

Chumbani kwenye siki, chini ya taa nyekundu, tulitazama karatasi nyeupe ndani ya beseni. Kwanza hakuna kitu. Kisha kivuli, kisha bawa, kisha yale macho yakatoka majini yakatutazama tena. Sikuwa nimepata kuona kitu kikizaliwa kimya hivyo. Kati ya kumi na mbili, nzuri zilikuwa tatu. Ya nne bawa lilikuwa limechafuka kwa mwendo. Mjomba akanipa.

"Hii yako, mwipwa."

Yangu! Sikuwa na foto hata moja maishani.

Zile tatu alizipeleka kwa kapita. Zilizunguka mkono kwa mkono. "Tazama, iko na panzi kwenye miguu," mmoja akasema. "Kumbe ni njaa tu!" Mzee mmoja akauliza kama akila panya haachi hata mkia. Walicheka, na kicheko kile kililegeza kitu kijijini. Kapita akasema atafikiri.

Kesho yake alfajiri Mama Ngoie akaja na kigae mkononi.

"Mama, unipatie moto," akasema mlangoni.

Nkambo akasogeza kigoda karibu na moto. "Ingia, dada. Ingia, ota kwanza."

Akaingia, akainama kwenye mafiga. Aliponyanyuka aliona ukuta.

Nilikuwa nimetundika bundi wangu jioni ya jana yake. Palikuwa na foto ya marehemu nkambo mume, foto ya mama yangu, foto ya mjomba na baiskeli yake. Kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona, ningekiweka wapi kama si pamoja na watu wetu?

Mama Ngoie hakupiga kelele. Aliweka kigae chini kizingitini, taratibu, akatoka bila moto.

Jua halijafika kichwani, nyumba ilijaa. Kapita akasimama mbele ya ukuta. "Nani alitundika huyu hapa, pamoja na bantu wa nyumba?"

"Nani?" Nkambo akauliza, akigeuza kichwa huku na huku. "Mumeona nani?"

Nilishika kitambaa chake, na nawaambia ninyi nisichomwambia padri hata mmoja: nilinyamaza. Mjomba alipenya kati ya watu. Akaitazama foto. Akautazama msumari. Akanitazama.

"Ni yangu," akasema. "Ile ndeke ni yangu, zote. Nilizinunua mbali, wakati nilikuwa natembea na treni. Foto nilitundika minyi. Mama hajui kitu."

"Na ile siku ulisema ni ndeke tu?"

"Nilisema bongo. Nilikudanganya."

Mama Ngoie alikuwa amekaa chini. "Ilunga," akasema, "minyi nilikubeba mugongoni."

"Najua, mama."

"Basi njo utoke," kapita akasema. "Mama yako akae. Weye utoke leo."

Mnajua mimi nilihisi nini? Fahari. Nilimwamini! Mjomba wangu ndiye mwenye viumbe vile, na angewaita wakati wowote, na siku moja angenionyesha jinsi ya kuwaita. Miaka mingi niliishi hivyo, nikimngoja arudi na kundi lake. Nkambo alizeeka ndani ya nyumba yake, akafia kitandani kwake, jirani wakimletea maji, na jina la Ilunga hakulitaja tena mbele ya watu. Nilikuwa tayari nimezaa wanne siku niliyomshikia binti yangu msumari, akijaribu kutundika rozari yake. Aliupiga pale mkono wake ulipofika, chini, karibu na kiuno changu. Aliponirudishia nyundo, nilibaki nimeishika. Ule msumari wa bundi wangu nao ulikuwa chini hivyo. Mtu mzima asingeupiga pale. Mjomba aliuona, akawahi kusema kabla mwingine hajaupima kwa macho.

Mchana ule alipofukuzwa, mjomba aliiacha baiskeli imeegemea ukuta. Nkambo alitoka akipapasa mlango, akamwita kwa jina la ubatizo, ambalo hakuwa akilitumia. Yeye alikuwa ameshaingia dembo, kwa miguu, akikanyaga majivu, na kila hatua ilitoa vumbi jeusi dogo ambalo upepo ulilichukua. Hakushika njia ya Kamina wala ya Kaniama. Alikata katikati, akapanda ng'ambo, akapita miti, na hakurudi.