Maji Niliyoyazimua

Kosa langu moja, ambalo hata sasa hunitoa jasho, ni kumshtaki mama kwa daktari.

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Aliyemtangulia tulimzika kwa kuhara. Kwa hiyo huyu naye alipoanza kuhara, mama alimbeba mgongoni, nikawapakia kwenye baiskeli hadi Shinyanga mjini, kwa mzee wa Kihindi aliyeitibu nyumba yetu tangu nikiwa mtoto. Alitoa dawa, kisha akasema, "Dawa ni ya leo tu. Maji yake ya kunywa yachemke kweli kweli, yafunikwe. Na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumlisha."

Mama anasikia Kiswahili kidogo, nikamfasiria kwa Kisukuma. Nikayaandika masharti hayo pia kwenye daftari. Sikwenda shule, kusoma nilijifunza mwenyewe kwenye maandishi ya magunia ya pamba, na labda ndiyo sababu nililiamini daftari langu kuliko watu. Tulipofika nyumbani nilitangaza kwamba maji ya mtoto nitachemsha mimi, mtu mwingine asiguse.

Kila asubuhi nilikoka moto kwa mabua ya pamba na samadi kavu, maana kuni kwetu, upande wa Songwa, ni za shida. Maji yakitokota nahesabu mpaka mia tatu. Nikikosea, naanza upya.

Baba alipita na jembe lake akasimama. "Unapika nini hapo, nyama ya kiboko?"

"Maji, baba."

"Haya, yakiiva utuite tule."

Sikucheka. Shambani sikutulia, nilirudi kuchungulia kifuniko, kunusa kata, kukagua vidole vya mama. Alinyoosha mikono yake nikaitazama, kama mtoto anayekaguliwa kucha.

Wiki ya tatu mtoto akaanza tena, safari hii vibaya. Macho yalididimia, na alipolia hakutoa machozi. Tukashika njia ileile.

"Mayu, umempa maji gani?" nilimuuliza mama huku nikikanyaga pedali.

"Yako."

"Kata uliiosha?"

"Niliiosha."

"Kwa sabuni?"

Akaikaza mbeleko ya mtoto.

Tulipoingia, hata shikamoo yangu haijaitikiwa, nikasema, "Daktari, mama hafuati masharti." Kiswahili hicho mama alikielewa. Aliinamisha kichwa.

Daktari alikuwa akimfinya mtoto ngozi ya tumbo. Hakumwangalia mama. "Nieleze wewe," akasema. "Kutoka motoni mpaka mdomoni."

"Nachemsha, nahesabu mia tatu, naepua, nazimua, nafunika..."

"Unazimua na nini?"

"Na maji ya mtungini. Mtoto hawezi kunywa ya moto."

"Ya mtungini yametoka wapi?"

"Lamboni," nikasema, na hapo ndipo nikasikia nilichosema. Ng'ombe wetu wanakunywa na kukojoa katika lambo hilohilo. Lakini kwetu cha moto huzimuliwa: uji, maji ya kuoga, hata chai ya mgeni mwenye haraka. Mkono wangu ulifanya hivyo kila siku bila kuniuliza, na mimi nikakagua mikono ya wengine.

"Muulize mama kama alikuona."

Ilinibidi niulize, tena nifasiri jibu. "Anasema aliniona. Anasema alidhani imeandikwa."

Mtoto alilazwa siku mbili, akitiwa maji kwa sindano. Niliketi, nikainuka, nikaenda mlangoni, nikarudi kumhesabia pumzi.

"Kaa chini, bwana mia tatu," mama akasema. "Unamtia mtoto hofu."

Nikakaa. Nikamwambia nimemkosea. Alimfunika mtoto vizuri, kisha akasema, "Siku nyingine uniulize na mimi. Nimezaa sita." Siku ya pili jioni mtoto alishika titi mwenyewe, akanyonya kwa nguvu, na machozi yakarudi alipolia.

Siku hizi maji huchemshwa na mama, jioni, baada ya ugali. Hapimi kwa hesabu. Huyaacha yatokote mpaka atakaporidhika, halafu huyafunika yapoe yenyewe hadi asubuhi. Mimi naleta mabua. Mtoto amepita masika yote bila kuhara. Bado naamka kutazama kifuniko, ila sikigusi.