Oriti Iliyofungua Geti

Ninafanya kazi ya nyumbani hapa Homa Bay. Mwajiri wangu ameifundisha spika yake inayotii sauti kwamba ikisikia “oriti”, yaani kwaheri, izime runinga na feni, kisha ifungue geti.

Jumamosi mama yake aliwatembelea yeye na mkewe mara ya kwanza tangu mwanawe aoe. Mkewe alipika tangu asubuhi, akitaka sana kumpendeza. Baada ya chai, mwajiri akiwa ametoka kidogo, mama akasema, “Haya, oriti,” bila kuinuka. Feni ikasimama, runinga ikazimika, geti likafunguka.

Mama akainuka, akashika mkoba. “Kumbe mlikuwa mnangoja nitamke tu?”

“Mama, ni mashine, si mimi!” mke akajitetea.

“Nani aliifundisha?”

“Mtoto wako.”

Mama akaketi tena. “Basi nitamngoja.”

Kwetu mgeni huaga mara tatu kabla ya kusimama. Mashine haikuambiwa hilo, na aliyesahau kuiambia alilelewa na mama huyu.