Mkwe Chini ya Sakafu

Nyumba yetu ya Kitale iliachwa na walowezi, na sakafu yake ni ya mbao ngumu zilizoinuliwa juu ya nguzo fupi za mawe. Ni sakafu ya kuringia, ila ukipita katikati ya sebule inanesa na vikombe vinagongana kabatini. Mimi nilikuwa nimeshazoea. Mama mkwe wangu, aliyeko Bungoma, aliposikia habari hizo alimpigia simu mke wangu, mjamzito wa miezi minane. "Nakuja kujionea. Hiyo nyumba ikitikisika, utajifungulia kwangu."

Sikutaka mtoto wangu wa kwanza azaliwe nikiwa mbali. Siku ya ziara niliamka alfajiri, nikatambaa chini ya nyumba na jeki ya gari, boriti moja nene, magogo mawili na kabari za mbao. Ningeiinua boriti kwa jeki mpaka ibebe sakafu, niikalishe juu ya magogo, nibane kwa kabari, kisha nitorokee mji wa jirani wa Endebess kabla hajafika saa sita. Kwetu Wabukusu mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso, na mimi ni mtu wa adabu, hasa nikiogopa.

Alifika saa tatu.

Kupitia upenyo wa kando ya ngazi niliona viatu vyeusi vya kanisani na begi kubwa tupu. Sikujua kama desturi inahesabu miguu, nikafumba macho kwa tahadhari.

"Bwana yako ako wapi?"

"Ameenda Endebess, mama," alijibu mke wangu, aliyekuwa ametoka kunipa nyundo dakika chache tu zilizopita.

Boriti ilikuwa imeinuka, lakini kabari bado. Bila kabari, sakafu ingenesa na mke wangu angeondoka. Nikigonga, ningesikika. Nilibaki nimelala kwenye vumbi nikijilaani.

"Mama," mke wangu akasema juu yangu, "si tuanze na wimbo wa kushukuru kwa safari?"

Mama mkwe wangu haimbi kwa kunong'ona. Alipiga makofi, akapiga na mguu, na kila alipokanyaga, mimi nikagonga kabari. Kufikia ubeti wa tatu nilikuwa nimenogewa hata sikutambua kwamba wimbo umekwisha. Nyundo ikalia peke yake, mara mbili.

Mke wangu akawahi kujibu kabla hajaulizwa.

"Ni kuku, mama. Anatagia huko chini."

"Kuku," alisema. Akatembea polepole kutoka mlangoni hadi dirishani. Vikombe havikulia. Akasimama juu ya kichwa changu hasa. "Basi ambia huyo kuku hapa kwa dirisha bado panacheza kidogo. Akimaliza, mimi nitakuwa jikoni na mlango nimefunga. Atoke, bana, asikule vumbi mpaka jioni kwa sababu yangu."

Tangu nioe, yalikuwa maneno ya kwanza aliyowahi kunielekezea. Niligonga kabari ya dirishani nikicheka peke yangu, na nilifurahi kiasi kwamba nilijipiga kidole na sikukasirika.

Jioni nilirudi kutoka Endebess yangu, yaani kichakani nilikojificha. Lile begi lililokuja tupu lilikuwa limeondoka limejaa viazi vyetu. Nguo za mke wangu zilikuwa bado kwenye kamba.